Klipu za "nimemshusha bei" Darajani: staa anacheka, muuzaji anabaki na hasara

Kuna staili ya klipu imeshika kasi kwa mastaa wa Bongo, na sasa kila mwenye simu ya maana anaitaka. Staa anatua Unguja kula bata. Siku ya kwanza Nungwi au Paje, siku ya pili Mji Mkongwe, na kabla hajapanda boti kurudi Dar lazima apite Soko la Darajani. Hapo simu inawashwa. Anachaguliwa muuzaji mmoja, mara nyingi mzee au kijana mpole asiyejua kujibu. Bei inatajwa, staa anashtuka kama kaumwa na siafu, anakata zaidi ya nusu, washikaji walioshika simu wanacheka, na mwisho bei inashuka mpaka chini kabisa. Ujumbe wa juu ya video huwa uleule: mjini shule, mimi siuziwi ghali.

Iliyozua gumzo zaidi huku Mara ni ya dada mmoja, jina kapuni, ambaye mwenyewe hupenda kujitambulisha kuwa ana damu ya Mara. Mzee wa viungo alitaja Sh 20,000 kwa kikapu chenye viungo vya aina saba. Dada akatoa Sh 5,000. Mzee akamwambia kwa upole, "Mwanangu, hapo hata mtaji haurudi." Dada akageukia simu, akakonyeza, akarudi kwa mzee na elfu tano ileile mkononi. Zikapita dakika mbili za vicheko. Mzee akatazama simu, akatazama watu waliokwisha kusimama kuangalia, akakisogeza kikapu mbele. "Haya chukua mwanangu, yashakuwa hayo." Dada akapiga ukelele: "Mtoto wa Mara hapigwi!"

Basi kuanzia vijiwe vya Mugeta mpaka Bunda Mjini, Butiama hadi Musoma, watu wakaitupia kwenye stetasi. Eti katuwakilisha. Eti ndo ujanja wenyewe. Kwenye komenti watu mia wakacheka, wawili watatu tu wakauliza swali la maana: yule mzee alibaki na nini?

Swali hilo ndilo linalostahili kujibiwa, kwa sababu ishu hapa si kupatana bei. Kupatana bei ni haki ya kila mtu sokoni, na anayeona aibu kuuliza "haipungui?" ajiandae kurudi nyumbani bila nauli. Ishu ni simu iliyosimama katikati ya watu wawili wanaopatana. Ile simu inaharibu kitu ambacho soko limekitunza miaka na miaka, na anayelipia uharibifu huo si staa.

DARAJANI SI UKUMBI WA KUREKODIA

Wengi wanaopiga picha pale hawajui hata wamesimama wapi. Jengo la soko la Darajani, lile lenye paa la mgongo linaloonekana kwa mbali, lilijengwa mwaka 1904, enzi za Sultani Ali bin Hamud. Wazee wanaliita Marikiti Kuu, na kwenye vitabu utalikuta pia kwa jina la Estella. Jina la Darajani nalo lina sababu. Zamani palikuwa na mkono wa bahari uliotenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo, na watu walivuka kwa daraja. Maji yale yalifukiwa, daraja likaondoka, jina likabaki. Hata barabara inayopita hapo, ambayo leo ni ya Benjamin Mkapa, watu wengi bado wanaiita Creek Road, yaani barabara ya ule mkono wa bahari.

Kwa hiyo tangu mwanzo pale ni mahali pa kukutana. Huku Mji Mkongwe, kule Ng'ambo, katikati soko. Mwaka 2000 Mji Mkongwe ukaingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na wageni wakazidi. Matokeo yake Darajani ina wateja wa aina mbili kwa wakati mmoja. Kuna mama wa Ng'ambo anayetafuta kitoweo cha leo kwa hela ya leo, na kuna mtalii aliyetoka hotelini anayetafuta zawadi ya kupeleka kwao. Wote wawili wanaweza kusimama mbele ya meza moja, wanauliza bei ya mdalasini uleule, na kila mmoja akaondoka kalipa tofauti.

Hapo ndipo mtu wa mjini anaposema: umeona, wezi hao! Taratibu kwanza.

BEI NI YA WAWILI

Soko la kupatana halina karatasi ya bei kwa sababu bei yenyewe inazaliwa pale pale, kati ya anayeuza na anayenunua. Muuzaji anataja juu kidogo, maana anajua utashuka. Mnunuzi anataja chini kidogo, maana anajua ataombwa kupanda. Katikati kuna salamu, kuna "karibu", kuna "umeamkaje", kuna "mimi mteja wako wa siku zote", kuna "leo hata sijafungua biashara". Maneno yote hayo yana kazi. Muuzaji anakupima: una haraka? Una uwezo? Utarudi? Na wewe unampima: kachoka? Mzigo unamharibikia? Ana mwingine kama huu hapo nyuma?

Mama wa Ng'ambo anayekuja kila wiki anapewa bei ya chini na anaongezewa kidogo juu. Mgeni anayepita mara moja maishani analipa zaidi. Kwa mtu wa haraka huo ni ubaguzi. Kwa anayeangalia vizuri, hiyo ndo namna soko linavyobeba watu wake: aliyenacho anachangia kidogo, asiyenacho anapata kitoweo. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na hapo Darajani msemo huo una hesabu ndani yake.

Lakini mfumo huo una sharti moja. Bei lazima ibaki kwa wawili. Muuzaji akikushushia kwa sababu umemwambia mama yako anaumwa, anakushushia wewe. Hajautangazia mji. Ndo maana ukiwa mzoefu wa soko utaona muuzaji anainama, anapunguza sauti, anasema, "Chukua kwa elfu nane, ila usimwambie mtu." Wengine wanadhani ni maigizo. Mara nyingine ni maigizo kweli. Lakini mara nyingi anamaanisha, kwa sababu nyuma yako kuna mteja mwingine kasimama anasikiliza.

Sasa weka simu hapo. Simu ni sikio la watu laki mbili.

KAMERA INAFANYA MAMBO MATATU

Kwanza, inamnyima muuzaji neno lake kubwa kuliko yote: hapana. Siku ya kawaida muuzaji akiona umemshusha mno anasema, "Hailipi, mwanangu, nenda salama," na mnaachana bila ubaya. Mbele ya kamera, hapana inageuka kituko. Akikataa ataonekana mchoyo, mkali, hana ukarimu, na Zanzibar nzima itachekwa. Akikubali ataonekana mnyonge. Kati ya kuchekwa na kupata hasara, mtu mzima mwenye heshima zake anachagua hasara. Mzee wa kikapu hakuridhia ile elfu tano. Alikuwa anatafuta namna ya kuyamaliza.

Pili, bei ya siri inakuwa bei ya mtandao. Kesho yake anakuja binti mwingine na simu mkononi, anamwonyesha mzee: "Mbona yule ulimpa kwa elfu tano?" Mzee atajibu nini? Kwamba yule alikuwa na kamera? Kwamba siku hiyo alishikwa haya? Bei moja iliyotoka kwa aibu inageuka kuwa sheria kwa meza yake, na kwa meza za jirani pia, kwa wateja ambao hata hajawaona.

Tatu, inageuza maelewano kuwa mechi. Sokoni mtu akisema "bei ya maelewano" ana maana kwamba mwisho wa maongezi wote wawili wameridhika. Kwenye klipu lazima kuwe na mshindi, maana bila mshindi hakuna kontenti. Na mshindi anajulikana kabla mchezo haujaanza. Ni mwenye simu.

KIKAPU KILE KINA NINI?

Watu wanaona majani makavu na magome, wanadhani vinaokotwa tu. Karafuu haianguki chini ikakusubiri. Mtu anapanda mkarafuu, anachuma vikonyo kwa mkono, kisha vinachambuliwa kimoja kimoja na kuanikwa juani kwa siku kadhaa, na mvua ikija kila kitu kinaanuliwa mbio. Mdalasini ni gome linalobanduliwa kwa ustadi, ukikosea umeharibu. Vanila ndo balaa zaidi: huku kwetu Afrika ua lake linachavushwa kwa mkono, ua moja moja, kwa sababu ua halidumu na mdudu wa kuifanya kazi hiyo hatuna. Kabla kikapu hakijafika mezani kimepita kwa mkulima, kwa mnunuzi wa jumla, kwa mwenye gari, kwa mfungaji. Kila mmoja kala kidogo. Kinachobaki kwa mzee wa meza si kikubwa kama dada alivyodhani.

Sasa mchukue dada huyohuyo. Jioni ile ile kaposti akiwa kwenye mgahawa wa baharini, glasi ya juisi ina mwavuli mdogo juu. Kwenye menyu bei imeandikwa na hakuuliza haipungui. Akiingia duka la nguo lenye kiyoyozi, anatazama karatasi, anatoa kadi, analipa, tena anaomba mfuko wenye jina la duka ili watu wauone. Ujanja wa kushusha bei unaishia pale anapokutana na mtu mwenye nguvu kuliko yeye.

Na tusidanganyane kwamba bei ya kubandikwa ndo maumbile ya biashara. Ni mambo ya juzi tu. Kule Paris, mfanyabiashara Aristide Boucicaut ndiye anayetajwa sana kwa kuieneza kwenye duka la Le Bon Marché kuanzia mwaka 1852: bei imeandikwa, kila mteja sawa, hakuna kubishana. Kabla ya hapo huko Ulaya nako watu walipatana kama wanavyopatana Darajani. Bei ya kubandikwa ina faida zake, haibagui mgeni na mwenyeji. Ila karatasi haina huruma. Mama aliyepungukiwa mia tano hawezi kuiambia karatasi, "nivumilie, kesho nitaleta."

NA WANAOSEMA "WAUZAJI NAO WANATUPIGA"?

Wanasema kweli. Usafi wa upande mmoja haupo duniani. Wapo wauzaji wanaosikia lafudhi ya Bara tu, bei inapanda ngazi mbili. Wapo wanaomuuzia mgeni unga wa njano kwa jina la zafarani. Zafarani ya kweli inatoka kwenye ua, ni nyuzi nyembamba, na ni kati ya viungo ghali kuliko vyote duniani. Ukipewa gunzi la karatasi limejaa kwa elfu mbili, jua umenunua rangi ya wali. Kariakoo nako kuna mawinga wanaokukimbilia mlangoni, wanakupeleka duka lisilo lao, na cha juu chao wanakiweka kwenye bei yako bila kukwambia.

Lakini dawa ya kupigwa haijawahi kuwa kamera. Dawa ipo na ni ya kizamani. Salimia kwanza. Zunguka meza tatu kabla hujanunua ya kwanza, uliza bei bila kugusa mzigo, utajua wastani wenyewe. Taja bei ambayo uko tayari kulipa kweli, si ya kejeli. Muuzaji akikubali bei uliyoitaja wewe, lipa. Kupatana nusu saa halafu ukaondoka mikono mitupu wakati amekubali bei yako ni kumvunjia mtu heshima, hata kama hana la kukufanya. Na ukiona ghali, sema asante, nenda. Mara nyingi hata hufiki hatua ya tano utasikia unaitwa.

Kwa upande mwingine, yupo na yule anayelipa chochote anachotajiwa ili aonekane ana hela. Huyu naye anachafua hali ya hewa. Muuzaji akizoea kwamba kuna watu wa kutoa Sh 30,000 bila kuuliza, kesho mama wa Ng'ambo ataanziwa juu. Kupatana bei ni kazi ya pamoja. Ukizidisha unaua, ukikwepa unaharibu.

KAKA WA MINOTI NAYE

Kuna kundi la pili la klipu, na hili linasifiwa sana. Kaka mmoja msanii, naye jina kapuni, alifika soko moja la kanda ya ziwa, akamkuta mama wa dagaa, akauliza beseni zima ni kiasi gani. Mama akataja. Kaka akalipa mara tatu, akawagawia watu dagaa wote, mama akalia machozi ya furaha, muziki wa huzuni ukawekwa chini yake. Watu wakamwita kaka malaika.

Hela iliingia, hilo lisipingwe. Mama yule siku hiyo alipata faida ya wiki nzima. Ila fikiria mama huyo asubuhi ya pili. Mtaa mzima umemwona kapewa minoti. Shemeji anakuja kukopa. Mwenye nyumba anakumbuka deni. Wateja wake wa kila siku wanamwambia, "Wewe si ulishatajirika, punguza bei." Hakuulizwa kama anataka machozi yake yaonekane nchi nzima. Alichouza ni dagaa, ila kilichochukuliwa na machozi vilevile, na hayo hayakupatanwa bei.

Kaka angeweza kulipa mara tatu, akanyamaza, akaondoka. Ila bila kamera kiki inatoka wapi?

HUKU MUGETA NAKO IMEFIKA

Mtu anaweza kusema haya ni mambo ya mastaa na Zanzibar, Mugeta inahusikaje? Inahusika kwa sababu kinachofanywa na mastaa leo, kesho kinafanywa gulioni. Tayari vijana wameanza. Siku ya gulio anakuja dogo na simu ya mkopo, anamsogelea mama wa nyanya: "Mama, fungu buku? Weka mia tano, nakurekodi hapa uwe maarufu!" Wenzake wanacheka. Mama anajifunika uso kwa khanga. Dogo anaondoka na nyanya zake za mia tano na klipu ya sekunde thelathini.

Sasa tupige hesabu ya mfano, maana biashara asubuhi, jioni mahesabu. Tuseme mama kanunua tenga la nyanya kwa Sh 30,000. Bodaboda ya kumfikisha gulioni Sh 3,000. Ushuru Sh 500. Mpaka hapo katoa Sh 33,500. Akilipanga tenga lile anapata mafungu 40 ya Sh 1,000. Kwenye jua, matatu yanaharibika. Yanabaki 37, yakiuzwa yote anapata Sh 37,000. Toa gharama, faida yake ya siku nzima ni Sh 3,500. Hiyo hapo ndo ya unga, ya mafuta, ya daftari la mtoto.

Wakija wateja watano wa staili ya dogo, kila mmoja kashusha mia tano, imeondoka Sh 2,500. Mama anarudi nyumbani na Sh 1,000. Kashinda juani toka asubuhi. Dogo kwake mia tano ni salio la bando la usiku. Kwa mama ni sehemu ya saba ya siku nzima.

Na ni aibu zaidi kwa watu wa Mara, kwa sababu huku kupatana bei ni fani ya heshima. Nenda mnadani uone wazee wanavyonunua ng'ombe. Mzee hapigi kelele. Anamzunguka mnyama, anamtazama meno, anamtazama mwendo, anauliza katokea wapi. Anasogea pembeni na mwenye ng'ombe, wanaongea kwa sauti ya chini, wanaachana, wanarudiana. Inaweza kuchukua asubuhi nzima. Wakishaelewana wanashikana mikono, na hutasikia mnunuzi anatangaza mnada mzima kwamba kamkomesha muuzaji. Kwa nini? Kwa sababu mwezi ujao yeye ndiye atakuwa na ng'ombe wa kuuza. Leo mnunuzi, kesho muuzaji. Kijana anayecheka kwamba mtoto wa Mara hapigwi angejifunza kwa wazee hao kwamba mtoto wa Mara pia hamdhalilishi mtu mbele za watu.

WAUZAJI WANAISHI PEMBENI MWA SHIMO

Ukitaka kujua jinsi mtaji wa sokoni ulivyo mwepesi, kumbuka Kariakoo. Lile jengo la soko kuu lilibuniwa na Mtanzania, msanifu Beda Amuli, na lilifunguliwa mwaka 1975. Usiku wa Julai 10, 2021 moto ukaliingia. Picha zilisambaa nchi nzima, watu wakaposti emoji za machozi. Jengo ni la serikali, serikali ikatafuta mabilioni, likakarabatiwa. Lakini bidhaa zilizoungua ndani zilikuwa za watu, wengine wamekopa, wengine wamewekewa mzigo wa mali kauli walipe baada ya kuuza. Usiku mmoja unatosha kumrudisha mfanyabiashara mdogo pale alipoanzia.

Huyo ndiye mtu ambaye mastaa wanamtumia kama kichekesho. Si mwenye kampuni. Si mwenye bima. Ni mtu ambaye akiuza chini ya mtaji siku tatu mfululizo, ya nne hana mzigo wa kupanga mezani. Na hana pa kulalamika, maana ukimuuliza staa atasema, "Lakini si alikubali mwenyewe?"

Alikubali, ndiyo. Swali ni kama angekubali simu ikiwa mfukoni. Hicho ndo kipimo chepesi kuliko vyote. Kama bei hiyo ungeipata bila kamera, basi umepatana. Kama umeipata kwa sababu ya kamera, umemlalia mtu.

MNATAKA KONTENTI? SOKO LINAYO NYINGI

Hakuna anayewakataza mastaa kupeleka kamera sokoni. Masoko yanahitaji kutangazwa, na klipu moja nzuri inaweza kumletea mzee wa Darajani wateja wa mwezi mzima. Njia ya kistaarabu ipo wazi. Nunua kwanza, malizaneni bei simu ikiwa mfukoni. Kisha omba ruhusa: "Mzee, naweza kukurekodi?" Akikataa, kakataa, mshukuru. Akikubali, mwache aongee yeye. Muulize karafuu nzuri inajulikanaje, iliki mpya na ya zamani zinatofautianaje, pilau ya Unguja inatiwa nini cha kwanza. Hiyo ni kontenti, tena mtu atairudia kuitazama. Bei ya mwisho usiiposti, hiyo ni ya kwenu wawili. Badala yake taja meza yake iko upande gani ili watu wafike.

Na mashabiki nao wana sehemu yao. Staa anafanya kinacholipa. Klipu ya kumdhalilisha muuzaji ikipata watazamaji laki mbili, wiki ijayo itakuja nyingine mbaya zaidi. Ikipita kimya, atatafuta mchongo mwingine. Kwa hiyo kabla hujaweka kile kiemoji cha kucheka mpaka machozi, jiulize: huyo mama angekuwa wa nyumbani kwako, ungecheka?

Maana kwa wengi ni wa nyumbani kweli. Nusu ya vijana wanaosoma hapa, kuanzia Mugeta, Nyamuswa mpaka Musoma Mjini, walilipiwa ada ya sekondari na fungu la nyanya, kisado cha dagaa au beseni la maandazi. Hela ile ilipatikana kwa watu waliouliza "haipungui?", wakajibiwa "inapungua kidogo," wakacheka wote wawili, wakalipana, na gulio lililofuata wakasalimiana kwa majina.

Bei nzuri inajulikana hivyo. Ukirudi mara ya pili, muuzaji anafurahi kukuona au anakazana kuangalia pembeni?

Haya wadau, uwanja ni wenu. Umewahi kuona klipu ya namna hii ikakukera, au unaona ni utani tu na watu wanakuza mambo? Na nyie mnaouza, iwe gulioni, Kariakoo au Darajani: ikija kamera mbele ya meza yako, unafanyaje? Tupieni maoni, ila majina ya watu yabaki kapuni.